Mikanda mitatu kwenye sanduku la babu: ni ya Mjerumani au ya Mwingereza?

Migombani_Kibosho ameandika:

Habari zenu wakuu, na shikamooni wazee mliomo humu.

Desemba tulipopanda nyumbani Kibosho, wajomba waliamua nyumba ya zamani ya babu iezuliwe mabati. Mimi na binamu zangu tukapewa kazi ya kutoa vitu vya chumbani. Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku la bati, ndani yake risiti za kahawa za KNCU, ushirika wa wakulima wa Kilimanjaro, koti lililoliwa na nondo, na mikanda mitatu imeviringishwa pamoja na kufungwa kwa kamba ya mgomba.

Baba mdogo akasema papo hapo: mikanda ya bunduki hiyo, ya vita ya Mjerumani. Shangazi akamkatalia. Anasema Mjerumani anafukuzwa hapa Moshi, babu hata kuzaliwa bado. Babu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles ya Mwingereza, alikwenda Burma akarudi na saa ya mkononi na homa isiyoisha. Wamebishana mpaka mbege ikaisha, na hakuna aliyeshinda.

Wa kwanza ni wa kitambaa kizito kilichosukwa, kijani kilichopauka. Ukiusugua kwa kidole unaacha unga, na chini ya unga rangi ni kaki. Ncha zote mbili zina kipande cha shaba ya njano kilichokunjwa kingo. Karibu na ncha moja kuna muhuri wa wino: naona kama herufi U yenye mshale ndani, herufi mbili ambazo sizisomi, halafu 194 na tarakimu ya mwisho imefutika.

Wa pili ni kitambaa cha aina hiyohiyo na shaba hiyohiyo, ila katikati ni mpana, halafu unasinyaa kuelekea kwenye ncha.

Wa tatu ni wa ngozi, kahawia inayokaribia nyeusi. Ni vipande viwili, kirefu na kifupi, vimeunganishwa kwa pete ya chuma. Una matundu mengi yaliyopangwa mawilimawili, na ndoano mbili za chuma, kila moja ina meno mawili. Huu ndio baba mdogo anaoushikilia. Hoja yake: Mwingereza alitumia turubai, Mjerumani alitumia ngozi.

Naombeni mnisaidie kujua ni vitu gani na vya miaka gani. Siuzi. Na je, naweza kuifua?

Chalii_Kiboriloni:

Dada weka picha na bei 😂 Vya Mjerumani wazungu wanalipa hatari. Loweka kwenye Omo usiku mmoja, shaba piga Brasso zing'ae, mambo ya kutu kutu hayauziki. Njoo inbox.

FundiTurubai_Sakina:

Dada, usifue. Na huyo chalii wa Brasso muache aendelee na mitumba yake, huko anajua.

Mimi ni fundi wa turubai na ngozi, karakana yangu iko Arusha, Sakina. Mkate wangu ni viti vya magari ya watalii na mahema, lakini mji huu una wawindaji, na mwindaji mkanda wa bunduki ukikatika hatupi, anauleta ushonwe. Ndiyo maana nimeshika ya kila aina.

Huo wa pili tuumalize haraka: siyo mkanda wa bunduki. Mkanda wa bunduki wa Mwingereza hauna tumbo. Upana wake ni mmoja kutoka ncha hadi ncha, inchi moja na robo. Wako unapita begani. Ni nusu ya jozi iliyokuwa ikipishana mgongoni kubeba uzito wa mkanda wa kiunoni na mifuko ya risasi, katika seti ya vifaa ambayo jeshi la Uingereza liliitoa mwaka 1937. Chukua futi ya cherehani upime: sehemu pana itakuja inchi mbili, ncha zitakuja inchi moja. Watu wengi sana wanauuza kama mkanda wa bunduki kwa sababu ya zile shaba.

Sasa wa kwanza. Huo ndio wenyewe, mkanda wa Lee-Enfield, bunduki ya jeshi la Uingereza. Ugumu wake ni kwamba umbo hilo lilianza mwaka 1901 na halikuguswa kwa miaka mingi. Wa 1915 na wa 1944 ukiilaza mezani ni mapacha. Kwa hiyo anayekuambia "huu wa vita ya kwanza, naujua kwa kuutazama" anataka hela yako. Unachosoma ni muhuri, shaba na uzi, na mimi muhuri nausoma mwisho, kwa sababu muhuri ndicho kitu rahisi kuliko vyote kughushi.

Shaba: tazama kingo zake zilivyokunjwa kwa ndani. Ncha inapita kwenye pete ya bunduki, inarudi, halafu kingo zile zinaubana mkanda wenyewe. Hakuna bizimu wala kifungo. Kama mkanda uliwahi kufanya kazi kweli, utakuta hapo shaba inapobana kitambaa kimelika, nyuzi zimelala na kung'aa kidogo, na kwa ndani ya shaba kuna weusi ambao kitambaa hakikuweza kuufikia kuusugua. Wa kughushi una uchakavu wa kufanana kila mahali. Mtu kaupaka chai akausugua na msasa.

Uzi: vuta mmoja tu kwenye ukingo ulioachia, uchome. Pamba inawaka kama karatasi na kuacha majivu mepesi. Ukijikunja na kuacha kidonge kigumu, huo ni nailoni au jamaa zake, na nailoni imeanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1930. Mteja wangu mmoja aliletewa mkanda wenye muhuri wa 1917, mweusi tii, umekaa juu ya kitambaa kama umepigwa asubuhi ile. Nikachoma uzi mbele yake. Kidonge. Aliinuka akaenda nje kupiga simu na sikumsikiliza alichosema.

Ile tochi ya zambarau ya kukagulia noti nayo inasaidia. Vitambaa vipya vingi vina dawa ya weupe, vinawaka bluu chini ya tochi hiyo. Cha zamani kinabaki kimya. Lakini sabuni za unga za siku hizi zina dawa hiyohiyo! Ukiloweka kwenye Omo, mkanda wa kweli nao utawaka, na hapo umejinyima kipimo. Na wino wa muhuri utaondoka na povu. Hiyo ndiyo sababu nimeanza na usifue.

Ule unga wa kijani siyo uchafu. Ni Blanco, rangi ya kupaka ambayo askari alilazimishwa kuupakia mkanda wake mpaka ukaguzi upite. Uko juu tu. Kitambaa chenyewe uzi wake ulitiwa rangi kabla ya kufumwa, ndiyo maana ukikwangua unakuta kaki mpaka ndani. Uache unga wako ulivyo.

Muhuri: vifaa vya serikali ya Uingereza vilipigwa chapa ya mshale, mistari mitatu inayokutana juu kama unyayo wa kuku. Makoloni na nchi za dola hiyo ziliuongezea herufi zao. Mshale ndani ya C ni Kanada. Mshale kati ya D mbili ni Australia. Mshale pamoja na I ni India, na ya India kwa kawaida utaijua hata kabla ya muhuri, ufumaji wake ni mlegevu zaidi. Mshale ndani ya U ni Muungano wa Afrika Kusini. Wako ni huo, na 194 inatosha kukupa vita ya pili. Zile herufi mbili ni kiwanda. Ungekuwa wa Uingereza ungekuta M.E.Co., yaani Mills wa London, au M.W.&S., Wright wa Quorn, karibu na Loughborough. Tarakimu iliyofutika piga picha kwa simu mchana, kivulini, halafu ongeza utofauti wa rangi kwenye picha yenyewe. Usilowanishe.

Kwa hiyo shangazi yuko karibu na ukweli kuliko baba mdogo. Keya walipita Abisinia 1941, Madagaska 1942 na Burma 1944, na mkanda wa Afrika Kusini begani mwa Keya si ajabu. Ila muhuri unasema ulifumwa wapi na lini. Haujui ulivaliwa na nani, hilo ni la shangazi.

Wa ngozi nina wazo, lakini sitaki kusema kabla sijajua mambo mawili: kuna maandishi yaliyogandamizwa kwenye kipande chochote? Tafuta kwa tochi ya simu, ilaze iangaze kutoka ubavuni. Na kwenye tundu lililochanika, ndani ya ngozi ni rangi gani?

Migombani_Kibosho:

Fundi ubarikiwe. Nimepima: wa kwanza inchi moja na robo kamili, wa pili katikati inchi mbili na ncha inchi moja kama ulivyosema. Picha ya muhuri nimeichezea, tarakimu ya mwisho inaonekana 2 au 3, sitaapa.

Wa ngozi: ndani kwenye tundu ni kahawia, hakuna tofauti na juu. Na kwa tochi ya ubavuni nimeona! Kwenye kipande kirefu kumegandamizwa BOYT, na chini yake 43. Nimemwonyesha baba mdogo, anasema Boyt ni jina la Kijerumani kabisa, ameshaanza kusherehekea.

MwalimuMstaafu_Soweto:

Habari ya jioni. Niko Moshi, nimefundisha historia kwa muda mrefu, naomba nimtulize ndugu yetu kabla hajachinja mbuzi.

Waingereza waliingia Moshi Machi 1916, baada ya mapigano ya Salaita, Latema na Reata. Mjerumani aliondoka hapa na hakurudi kama dola. Kitu chenye 43, ikiwa ni mwaka, hakiwezi kuwa cha vita ile.

Lakini pia kanuni ya "Mwingereza turubai, Mjerumani ngozi" ina matobo. Ni kweli mikanda ya Mauser, bunduki ya Mjerumani, ilikuwa ya ngozi. Ila vita ya kwanza ilipokolea Ujerumani ilikosa ngozi, wakatengeneza mikanda ya kitambaa, hata ya nyuzi za karatasi. Na Mwingereza naye aliwahi kutumia ngozi. Hapa kwetu jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, lilizingirwa baharini. Meli mbili tu zilipenya kuleta silaha, Rubens mwaka 1915 na Marie mwaka 1916, mengine wakajitengenezea kwa ngozi za hapahapa, viatu vikiwemo. Mkanda ulioshonwa na fundi wa porini mwaka 1917 hautakuwa na muhuri wa kiwanda.

Jambo jingine ambalo vijana hawalijui: mwaka 1914 askari wengi wa Kijerumani hapa hawakuwa na Mauser mpya. Walibeba ile ya mwaka 1871, ya baruti inayotoa moshi. Ukipiga risasi moja adui anaona wingu na kujua ulipo. Baada ya mapigano ya Tanga, Novemba 1914, waliokota mamia ya bunduki za Waingereza wakazitumia. Kwa hiyo hata ukipata mkanda wa Mwingereza wa 1912 kule Kahe, usishangae kama bega lililoubeba lilikuwa la askari wa Mjerumani.

FundiTurubai_Sakina:

Mwalimu shikamoo. Hilo la mwisho nitalitumia kwa wateja.

Dada, mpe baba mdogo pole. Boyt ni kiwanda cha hatamu na matandiko ya farasi cha Iowa, Marekani. Wakati wa vita kilishonea jeshi la Marekani. Ulicho nacho ni mkanda wa Kimarekani wa mfano wa 1907, umeshonwa 1943. Nilikuwa nimeshauhisi kwenye yale matundu ya mawilimawili na ndoano za meno mawili. Hakuna mkanda mwingine wa jeshi niliowahi kuushika uliotobolewa matundu kwa wingi kiasi hicho.

Matundu yale yana kazi. Kipande kirefu unakitengeneza kitanzi, unaingiza mkono wa kushoto mpaka juu ya kiwiko, unabana kwa kitelezi, ile pete ya ngozi inayoteleza kwenye mkanda. Mkanda unakaza, bunduki inatulia. Kila mtu ana urefu wake wa mkono, ndiyo maana ya matundu mengi. Kwa hiyo tazama matundu gani yamepanuka kuwa mviringo mrefu: hapo ndipo mwenye mkanda alipokuwa akiuweka siku zote. Kama matundu yaliyopanuka ni ya upande mmoja tu, karibu na pete, mkanda ulibebewa bunduki begani na hakuna aliyewahi kulenga nao.

Chuma cha ndoano nacho kinaongea. Ya miaka ya kabla ya vita ilikuwa ya shaba. Vita ilipopamba moto shaba ilitakiwa kwenye maganda ya risasi, ndoano nyingi zikawa za chuma cha kijivu kisichong'aa. Na wakati huohuo wa vita Wamarekani walianza kutoa mkanda mpya wa kitambaa, wa bei ndogo, ukausukuma wa ngozi pembeni polepole. Yote hayo yanakubaliana na 43 yako, na rangi ya ndani ya tundu nayo inakubali. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti ni kahawia mpaka katikati. Iliyotengenezwa kwa kromu ikikatwa ndani ina ukijivu au ubluu, nami ningekuambia ni mkanda wa begi la juzi.

Wa Mjerumani wa vita ya pili ungekuwa hivi, ili baba mdogo aujue siku akiuona: mwembamba kidogo, bizimu moja ya chuma, na ulimi mfupi wa ngozi wenye kifungo cha chuma, kwa sababu Mauser ile mkanda unapita kwenye tundu la ubavu wa kitako. Unagandamizwa jina la kiwanda na mji, au baadaye herufi tatu za siri badala ya jina, pamoja na mwaka na tai mdogo wa mkaguzi.

Ulifikaje Kibosho? Keya hakupewa huo. Baada ya vita Marekani iliuza mabaki ya jeshi kwa bei ya kutupa, na wawindaji waliupenda mkanda wa 1907 kuliko wa dukani. Mpaka leo wapo wanaoniletea. Mimi ningemuuliza shangazi babu alifanya kazi kwa nani akitoka Burma.

Migombani_Kibosho:

Nimempigia. Anasema miaka ya hamsini babu alikuwa na mzungu mwenye shamba upande wa Sanya Juu, na mzungu huyo alikuwa mtu wa kuwinda. Babu alikuwa mpishi, au mbeba bunduki, au vyote viwili kutegemea siku. Jina la mzungu amelisahau. Matundu yaliyopanuka ni mawili karibu na pete, basi. Baba mdogo amenyamaza ila hajakubali.

Sasa niitunze vipi? Kibosho unyevu unaujua. Na kitelezi kimoja cha ngozi kimekatika.

FundiTurubai_Sakina:

Usiiweke kwenye mfuko wa nailoni, itaota ukungu kabla ya Pasaka. Viringisha kwa ulegevu kwenye kitambaa cha pamba cheupe kilichofuliwa na kusuuzwa sana, kila mmoja peke yake, uweke juu ya kabati, siyo sakafuni. Ngozi usiikunje kwenye mikunjo ya zamani, itapasuka hapohapo. Mafuta: kidogo mno, kwa kidole, mara moja, halafu uache. Watu wanaloweka ngozi ya zamani kwenye mafuta ya kupikia, inalainika wiki moja kisha nyuzi za mshono zinaoza. Kutu ya ndoano isugue kwa kitambaa kikavu. Shaba za ile miwili usizing'arishe. Ule weusi ndio umri wake.

Kitelezi usishone wewe. Ukipita Arusha njoo nacho, nina ngozi ya magome ya unene huo. Kile kilichokatika nitakurudishia pamoja na kipya, usikitupe.

Na kama kwenye sanduku kuna risasi nzima, isiyopigwa, usiichezee na usisafiri nayo. Waite polisi waichukue.

MamaDuka_Ngarenaro:

Jamani na mimi nina wa kijani wa kitambaa, nilinunua mtumbani nikafungia begi la mtoto. Una namba ndefu: 1005-99 halafu zinaendelea. Aliyeniuzia aliapa ni wa Keya.

FundiTurubai_Sakina:

Mama, hiyo ni namba ya vifaa ya mfumo wa NATO, na NATO yenyewe imeanza 1949. 1005 ni fungu la silaha ndogo, 99 ni Uingereza. Kwa hiyo ni mkanda wa bunduki kweli, wa Mwingereza kweli, ila Keya wa Burma walikuwa wameshastaafu. Hakikisha tu hauna mabaka mabaka, maana kufanana na sare za jeshi hapa kwetu ni matatizo. Kama ni kijani kitupu, kwa begi la shule ni imara kuliko begi lenyewe.